Mkorogo niuache leo au nisubiri nijifungue?

SWALI: Shikamoo. Nina miaka 27, naishi Tanga, nina mimba ya kwanza, wiki ya 17. Tangu mwaka wa pili chuoni napaka mkorogo. Nachukua kwa dada mmoja sokoni, anachanganya mwenyewe na kunijazia kwenye kopo la siagi. Mume wangu anajua ni losheni tu. Tangu nishike mimba uso umetoka mabaka meusi, kwa hiyo nimeongeza, sasa napaka asubuhi na jioni mwili mzima. Wiki tatu zijazo mdogo wangu anaolewa, natakiwa niweke dawa ya nywele, nipakwe hina na piko. Halafu rafiki yangu kanitumia ujumbe wa WhatsApp unaosema mafuta yote ya dukani, sabuni, dawa ya meno na manukato yana kemikali zinazoharibu mtoto tumboni, tangu hapo hata kuoga siogi kwa amani. Je, niache kila kitu? Mkorogo niuache sasa hivi au nikishajifungua? Nikiacha nitakuwa mweusi kuliko mwanzo? Kliniki iliyopita nesi alisema mkojo una protini kidogo, tutaangalia tena mwezi ujao, sijui kama inahusiana.

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera ya mimba. Mimi ni mfamasia. Zaidi ya miaka ishirini nimekaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa, na mkorogo naujua kwa upande ambao daktari mara nyingi hauoni: naona tyubu zinavyotoka.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimeanzia mwisho. Ile sentensi ya nesi na protini umeitupia mkiani kama jambo la ziada. Mimi ningeiweka ya kwanza.

Kifafa cha mimba, ambacho ndicho manesi wanakitafuta wanapopima mkojo wako kila kliniki, kwa kawaida hakianzi kabla ya wiki ya 20. Wewe uko wiki ya 17. Protini ikionekana mapema hivyo ina maelezo mengi, na mengi ni mepesi: U.T.I., au ute wa ukeni umeingia kwenye kikopo kwa sababu hukukinga mkojo wa katikati. Nesi aliyesema mtaangalia mwezi ujao hakukosea kwa yale aliyokuwa anayajua. Ila habari za kopo la siagi hakuwa anazijua. Kwa mama anayejipaka mwili mzima mchanganyiko usio na lebo kwa miaka kadhaa, swali la kwanza linakuwa figo, maana zebaki, mojawapo ya vitu vinavyotiwa kwenye dawa za kujichubua, hupiga figo kuliko kiungo kingine chochote. Huharibu vile vichujio vidogo, protini ikaanza kuvuja kwenye mkojo, miguu na uso vikavimba. Baadaye mimba ikikua, uvimbe huohuo na protini hiyohiyo vinaweza kudhaniwa ni kifafa cha mimba na ukatibiwa kitu kingine kabisa.

Basi usisubiri mwezi ujao. Nenda wiki hii, kesho ikiwezekana, na ulichukue hilo kopo lako ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Mwambie nesi au daktari hivi, bila kuzunguka: “Napaka mkorogo mwili mzima, miaka kadhaa, mara mbili kwa siku, na mkojo wangu ulikutwa na protini.” Watarudia mkojo, watapima presha, sukari na damu ya figo. Daktari akiona haja, atajua namna ya kupeleka sampuli kwenye maabara inayopima madini, kama ile ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Wanawake wengi hufika kliniki hadi kujifungua hawajatamka neno mkorogo, wanaona aibu kwa nesi kama wanavyomwonea aibu mume. Nesi ameshaona vidole vyako vyeusi kwenye viungo. Anakusubiri useme.

Sasa kopo lenyewe. Kuna mama aliwahi kuniletea lake, kopo la siagi kama lako, baada ya ngozi ya mapaja kupasuka michirizi mipana kama kidole. Nilikichota kidogo kwa kijiti. Rangi ya chai ya maziwa, harufu ya manukato makali juu, na chini yake harufu ninayoijua vizuri ya marhamu ya fangasi. Alikuwa amemshuhudia mchanganyaji akifanya kazi: losheni mbili kubwa kwenye beseni, tyubu sita za “krimu ya fangasi”, tyubu tatu za krimu nyeupe yenye maandishi ya kigeni, kisha maji fulani kutoka chupa isiyo na karatasi, akakoroga kwa mwiko. Tangu siku hiyo nawatazama kwa jicho lingine wateja wanaonunua hizo tyubu za fangasi. Mtu mwenye fangasi hanunui tyubu kumi na mbili.

Kwenye makopo ya namna hiyo kuna mambo matatu ya kuyaogopa, na hayafanani uzito.

La kwanza ni zebaki. Ni madini yaleyale wanayokamatia dhahabu wachimbaji wadogo kule Geita, ila hapa huwa katika hali ya chumvi. Huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, ndiyo maana weupe wake huja haraka na wateja hurudi. Inapenya ngozini, inafika kwenye figo na kwenye mishipa ya fahamu, na kwa mjamzito inafika kwenye kondo la nyuma na kwa mtoto, ambaye ubongo wake ndiyo kwanza unajengwa. Mkataba wa Minamata uliopitishwa mwaka 2013 ulizitaka nchi wanachama zikomeshe utengenezaji na biashara ya vipodozi vyenye zebaki kufikia 2020, lakini mkataba hausimami mlangoni kwa huyo dada wa sokoni. Na usidhani wanaochanganya wanajua wanachotia. Mwaka 2019 huko Sacramento, California, mwanamke wa miaka 47 alifikishwa hospitali maneno hayaeleweki na miguu haimbebi, akaishia kupoteza fahamu. Krimu yake ya kung'arisha ngozi ilikutwa na zebaki ya aina ya methili, ile ile iliyowasumu wala samaki wa Minamata, Japani, mji uliotoa jina la mkataba huo, na ambayo ni kali zaidi kwa ubongo.

Krimu yenye boksi unaweza kuikagua. Ukikuta limeandikwa “mercury”, “mercurio”, “calomel” au herufi Hg, iache dukani. Wengine hawaandiki, lakini maelekezo huwaumbua: ukisoma kwamba krimu isigusane na pete za dhahabu, fedha au sufuria ya alumini, jiulize losheni ya kawaida inaogopa nini dhahabu. Kopo la siagi halikupi hata nafasi hiyo.

La pili ni steroidi, yaani klobetasoli na betamethasoni, zile zilizomo kwenye tyubu za “fangasi”. Hizi ni dawa halali na nzuri. Mjamzito mwenye pumu ya ngozi akiandikiwa tyubu moja na daktari apake sehemu ndogo kwa siku chache, sina neno. Shida ni kiasi. Tafiti zilizokusanywa kwa wajawazito hazikukuta kwamba krimu za steroidi zinaleta watoto wenye kilema. Zilichokuta ni kwamba zile kali, zikitumika zaidi ya gramu 300 katika mimba nzima, zinaendana na watoto wa uzito pungufu. Piga hesabu na mimi. Kupaka mwili mzima wa mtu mzima mara moja kunakula gramu 20 hivi. Mara mbili kwa siku, gramu 40. Kwa wiki, 280. Tuseme kwa kukuonea huruma kwamba sehemu moja tu kati ya kumi ya kopo lako ni hiyo dawa kali na zilizobaki ni losheni: unapitisha gramu 28 kwa wiki, na wiki ya kumi na moja umeshavuka 300. Uko wiki ya 17.

Dakar, Senegal, walilitazama jambo hili moja kwa moja, wakachapisha mwaka 2007. Wajawazito 99, na 68 kati yao walikuwa wanajichubua mimba ikiwa tumboni. Ukiwachukua wajichubuaji wote kwa pamoja, mimba zao hazikutofautiana na za wengine, na hilo nalisema wazi ili usije ukalia usiku ukidhani mtoto ameshaharibika. Lakini wale 28 waliokuwa kwenye steroidi kali walikuwa na homoni ya kotisoli iliyoshuka kwenye damu, kondo la nyuma dogo zaidi, na watoto wa uzito pungufu walikuwa wengi zaidi kwao. Ongeza na hili: steroidi nyingi zinapandisha sukari na presha, vitu ambavyo mimba yenyewe tayari inavichokoza, na ngozi iliyokondeshwa nazo hupona polepole. Ukipasuliwa, mshono wako unaweza kumsumbua daktari na wewe pia.

La tatu ni haidrokwinoni, kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi. Huyu ndiye maarufu, lakini kwa mtoto tumboni simwogopi kama wawili waliotangulia. Hakuna ushahidi mzuri kwamba amewapa watoto vilema. Sababu ya kumkataa ni kwamba ngozi humeza kiasi kikubwa mno, asilimia 35 hadi 45 ya unachopaka huingia mwilini, wakati krimu nyingi haziingii hata kumi. Hakuna anayetaka kufanya jaribio hilo kwa mwanawe. Kwa mama mwenyewe, matumizi ya miaka huleta rangi ya bluu-nyeusi mashavuni na kwenye viungo vya vidole, zile mnazoita sugu, ambazo haziondoki kwa kuongeza dawa. Afrika Kusini walimpiga marufuku kwenye vipodozi mwaka 1990, Ulaya 2001. Hapa kwetu pia vipodozi vyake vimekatazwa, na tangu 2019 kazi ya kuvikagua iko TBS.

Umeuliza: leo au nikijifungua? Leo. Hata kama ungekuwa wiki ya 36 ningekwambia leo, kwa sababu zebaki hupungua mwilini kwa nusu katika mwezi mmoja hadi miwili hivi baada ya kuacha kuiingiza, kwa hiyo kila wiki unayoipata kabla ya kujifungua ni faida, na maziwa ya mama nayo huipitisha.

Ila usiache kimyakimya, na hapa naomba unisikilize kweli. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotengeneza kotisoli. Mwili ukipakwa steroidi kali kila siku kwa miaka, tezi hizo hulala, zinaona kazi inafanywa na mwingine. Ukikata ghafla, zinaweza zisiamke kwa wakati. Dalili zake ni uchovu wa kushindwa kusimama, kizunguzungu, kutapika kusikoisha, tumbo kuuma, sukari na presha kushuka. Mjamzito wa wiki 17 anatapika na kuchoka tayari, kwa hiyo wewe mwenyewe na hata nesi mnaweza kusema “ni mimba tu”. Ndiyo maana nataka daktari ajue kabla hujaanza kujisikia hivyo. Akiona haja anaweza kukupa vidonge vya haidrokotisoni kwa muda na kuvipunguza taratibu, na hivyo usiviogope. Ataandika pia kwenye kadi ili siku ya uchungu, ambapo mwili unahitaji kotisoli kuliko siku zote, wakunga wawe tayari. Ukizimia au ukatapika mfululizo kabla hujamwona, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Kopo usilichome moto, zebaki hugeuka mvuke na mtaivuta nyumba nzima. Usilimwage chooni. Liache limefungwa mpaka hospitali. Foronya, taulo, kanga za kulalia, zifue peke yake na uzisuuze vizuri, kwa sababu mabaki hukaa humo na mumeo analala humo.

Utakuwa mweusi kuliko mwanzo? Kwa muda, huenda ikawa ndiyo. Ngozi iliyozoea steroidi ikinyimwa huwaka: inawasha, inakuwa nyekundu, inatoa vipele, kisha rangi inarudi kwa kishindo na kwa mabakamabaka. Inaweza kuchukua miezi. Sitakudanganya kwamba ni raha. Wengi hurudi kwenye kopo hapohapo, wiki ya pili, wakidhani ugonjwa ni kuacha. Paka mafuta ya mgando yasiyo na harufu, au mafuta ya nazi mliyokamua wenyewe, mara nyingi kadiri unavyotaka, na ikizidi kuwaka mwone daktari wa ngozi.

Na yale mabaka ya usoni yaliyokufanya uongeze dozi, hayo ni ya mimba yenyewe. Homoni zinaamsha seli za rangi, ndiyo maana una na mstari mweusi kutoka kitovuni kushuka chini. Kwa wanawake wengi hufifia ndani ya miezi baada ya kujifungua. Kinachoyakoleza ni jua, na jua la Tanga halihitaji maelezo. Mtandio mpana au kofia, na krimu ya kukinga jua yenye zinki oksaidi, ile inayoacha weupe kidogo usoni. Hiyo haizami mwilini kwa kiasi cha kukutia hofu. Ukihitaji dawa ya mabaka kweli, muulize daktari kuhusu asidi ya azelaiki. Mtu akikuuzia “seramu” ya uso yenye retinoli au tretinoini, kataa mpaka umalize mimba. Ni za ukoo wa vitamini A, na ndugu yao wa vidonge, isotretinoini ya chunusi, ni miongoni mwa dawa zinazojulikana vizuri zaidi kwa kuharibu mtoto tumboni. Za kupaka ushahidi wake ni mwepesi zaidi, lakini hujanipa sababu hata moja ya kubahatisha. Dripu na sindano za kung'arisha, sitaki hata kuzijadili.

Twende harusini.

Hina paka. Majani ya mhina yaliyosagwa, maji, ndimu, chai ya rangi, basi. Muulize mpakaji ametia nini, kwa sababu wapo wanaoongeza petroli au thina ikoze haraka, na hiyo hutaki kuivuta puani wala ngozini. Ya majani utaitambua: inakaa mkononi saa kadhaa, ukiibandua inakuwa rangi ya chungwa kwanza, inakoza kesho yake. Inayotoka nyeusi tii ndani ya nusu saa haijatoka kwenye mti.

Hiyo ndiyo piko, na piko usipake. Ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, na mara nyingi hukorogwa nzito kuliko inavyoruhusiwa hata kichwani. Ulaya wanairuhusu kwenye rangi ya nywele isizidi asilimia 2 inapofika kichwani, na kuichora kwenye ngozi hawairuhusu kabisa. Nimeona mikono ya mabibi harusi iliyoumuka malengelenge kwa kufuata maua yaleyale yaliyochorwa, jani kwa jani. Na aliyewahi kuungua nayo mara moja, mwili wake hausahau, hata rangi ya nywele ya miaka kumi baadaye inaweza kumvimbisha uso. Wewe ngozi yako sasa hivi ni nyembamba na iko kwenye vita vya kuacha steroidi. Mwambie mdogo wako utakuwa na hina nyekundu tupu, ni ya bibi zetu na inapendeza zaidi.

Maadam tumeigusa hina, kuna jambo la mtoto. Pwani kwetu watu wengi wamezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, kama ilivyo kwenye maeneo mengi ya malaria. Mtoto mchanga mwenye upungufu huo akipakwa hina, hata ya majani safi, chembe zake nyekundu za damu zinaweza kupasuka na akapata manjano kali. Vivyo hivyo nguo zake zikikaa kabatini na vidonge vyeupe vya naftalini. Kwa hiyo mkono wako ndiyo, wayo wa mtoto hapana, na zile nguo ulizoanza kununua ziweke bila naftalini.

Dawa ya nywele. Hapa watu hutarajia niseme hapana, lakini ukweli ni wa kati. Kinachoingia damuni kupitia kichwa kisicho na kidonda ni kidogo, umeshavuka wiki 12 ambazo viungo vya mtoto hujengwa, na hakuna ushahidi wa maana kwamba ritachi moja inamdhuru. Habari kubwa ya miaka hii ni ya saratani, na inamhusu mama zaidi. Marekani walifuatilia wanawake karibu 34,000, wakachapisha 2022: wasiotumia kabisa dawa za kunyoosha nywele, wanaokadiriwa kupata saratani ya mji wa mimba hadi umri wa miaka 70 ni asilimia 1.64, waliozitumia zaidi ya mara nne kwa mwaka, asilimia 4.05. Hiyo ni sababu ya kupunguza maisha yako yote, haikuanza na mimba hii. Ningekuwa dada yako ningekwambia suka. Ukishikilia, usijikune siku mbili kabla, kichwa kisiwe na kidonda hata cha ukucha, wapake mafuta ya mgando kwenye ngozi kwanza, na ikianza kuchoma ioshwe papo hapo. Ile ya kunyoosha kwa keratini na kupigwa pasi ya moto iache kabisa. Nyingi zina fomalini, moto wa pasi huigeuza mvuke, na ndiyo huo unaokutoa machozi. Wanaonisikitisha hapo ni wasichana wa saluni, wengine wana mimba kubwa kuliko yako, wanaivuta tangu asubuhi mpaka saa mbili usiku dirisha likiwa limefungwa ili kiyoyozi kisipotee.

Sasa ule ujumbe wa WhatsApp. Una chembe ya kweli iliyofunikwa na gunia la vitisho. Kweli yenyewe ni kwamba parabeni zinazohifadhi losheni, na fthaleti zinazoshikilia harufu ya manukato, huingia mwilini na kuigiza homoni kwa kiasi kidogo. Zinachunguzwa na zinastahili kuchunguzwa. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku parabeni tano mwaka 2014. Lakini hizi hazikai mwilini kama zebaki. Huko Salinas, California, wasichana 100 walipewa vipodozi visivyo na kemikali hizo kwa siku tatu tu, wakapimwa mkojo: methiliparabeni ilishuka asilimia 44, triklosani, ile ya sabuni za kuua vijidudu, 36, na ile fthaleti ya manukato 27. Siku tatu. Kwa hiyo huna haja ya kutupa bafu zima. Punguza idadi. Sabuni moja ya kawaida, isiyojitangaza kuua vijidudu, mafuta ya aina moja yasiyo na harufu, na manukato uyapulize kwenye nguo badala ya shingoni. Dawa ya meno yenye floraidi endelea nayo, fizi za wajawazito huvuja damu kirahisi na zinahitaji mswaki. Ya kunyunyiza kwapani haina neno. Na oga, mwanangu, oga kwa amani.

Udi na chetezo sikukatazi, ila usijifukize chumba kikiwa kimefungwa. Nina wasiwasi na makaa kuliko udi, hewa yake ya sumu, kaboni monoksaidi, humnyang'anya mtoto oksijeni. Na kwa kuwa ni harusi na kuna mashangazi, watakuletea na vya huku chini: shabu, majani, sabuni za manukato. Chukua, shukuru, usitie kitu. Uke wa mjamzito una ulinzi wake, ukivurugwa maambukizi hupanda, na maambukizi ya aina hiyo yanaendana na kuzaa mtoto njiti.

Wanja nao. Wa penseli ya dukani wenye lebo inayosomeka, sawa. Wanja wa manga, ule wa unga unaoletwa kwenye vichupa, mwingi ni jiwe la risasi lililosagwa. Risasi hupita kwenye kondo la nyuma, na ile uliyoivuna utotoni imekaa mifupani mwako miaka yote hii, mimba inapochota madini mifupani kumjengea mtoto huichota na hiyo. Mtoto akizaliwa watataka kumchora nyusi na macho kwa huohuo. Hilo litakuwa na mabishano na bibi yake, bora uanze mapema.

Limebaki la mumeo. Umesema anajua ni losheni. Nimeona ndoa za namna hii kaunta, mke ananunua haraka akitazama mlango. Siingii humo. Ila kama kopo lako litakutwa na zebaki, na yeye ameilalia miaka hii yote kwenye foronya na ngozini mwako, mkojo wake utahitaji kupimwa pia, na hakuna namna ya kumwomba mtu mkojo bila kumwambia kwa nini. Nenda naye kliniki. Wakishafungua kopo mbele ya daktari, nusu ya maneno utakuwa umeshayasema.